Inchi Mbili za Akiba

Mwezi wa Rajabu nilimpima Arafa gauni la harusi.
Alama nikaitia kwa chaki ukutani,
maana daftari langu lilikuwa limelowa chai.
Mwezi wa Shaabani alama ikarudi nyuma vidole viwili.
Nikadhani mkono wangu umezeeka.

Ramadhani haikunitia shaka,
nani asiyekonda mwezi ule?
Ila sita za Mfungo Mosi akazifunga,
kisha Jumatatu na Alhamisi,
kisha siku zisizo na jina,
na Mkomani nzima ikasema mashallah,
mtoto ameshika dini.

Mimi fundi cherehani. Sijui mengi.
Najua pini inapokosa pa kushika.

Mamake akamnywesha kombe la zafarani.
Babake akaleta mwalimu wa kumsomea.
Shangazi akasema ni maringo,
wenzake hawana, yeye anacho hataki.
Ni shangazi huyo huyo, nakumbuka,
siku ya Maulidi, Arafa ana miaka tisa,
mashavu yamejaa kaimati,
aliyesema mbele ya wageni:
"Huyu tutamuozesha kwa ratili!"
Tulicheka.
Mimi pia nilicheka, sindano mdomoni.
Kicheko nacho ni uzi;
sijui siku ile nilishona nini.

Jana alivua baibui, akasimama kiooni:
"Bi Thureya, bana tena."
Unaona nini humo, mwanangu?
"Najiona mwingi."
Mwingi!
Na mabonde ya shingo yake
yangeshika maji ya kutawadhia.

Kisha, polepole, kama afumuaye pindo:
"Baba alipooa tena sikuulizwa.
Nilipotolewa shule sikuulizwa.
Mchumba nimeletewa jina na picha.
Lakini mdomo, Bi Thureya,
mdomo haufunguki nisipoufungua mimi."

Sikumwambia kula. Wangapi wameshamwambia kula?
Wali wao huishia kwa paka wa kichochoroni,
ndiyo maana wamenona vile.
Nilimpa kiti.
Kioo nikakigeuza uso ukutani.
Nikamwambia kesho twende sote hospitali,
yuko muuguzi asiyeanza na mizani.
Amekubali. Au amenyamaza tu,
na mimi nimeshona kimya chake kuwa ndiyo.

Gauni nimelibana kama alivyotaka.
Ila kwa ndani, jicho lisikofika,
kitambaa sikukikata:
nimekunja inchi mbili kila ubavu,
nikazipitishia uzi mwepesi,
wa kufumuka kwa ukucha.