Onyesho la Saa Nne Usiku

Watoto wametolewa. Malimi kaziba tundu la ukuta
kwa gunia la dagaa, kaandika mlangoni kwa mkaa:
WAKUBWA TU. Na chini, kwa herufi ndogo:
mia tano, hatukopeshi.

Niliingia na kitenge changu cha baridi,
mwanamke peke yangu, kichwa mvi tupu.
Kuli mmoja wa Mwaloni akanisogezea benchi,
"Mama, hii ina damu."
Damu naijua, baba.
Miaka ishirini na sita nilipiga taipu kituoni,
mauaji nakala tatu, kaboni katikati.

Kusema kweli nilikuja kuicheka.
Nilingoja bastola zibweke, magari yabiringike,
askari wa sura nzuri amalize kesi kabla chai haijapoa.

Mpelelezi wa filamu ile ni mnene, anakohoa,
anapanda ngazi kashika ukuta.
Maiti hatukuonyeshwa.
Tulionyeshwa ndara moja juu ya meza,
na mama wa marehemu akiuliza,
"Ya pili iko wapi?"

Hapo nilikaza kitenge.
Kijana yule wa Igombe, aliyeokotwa kwenye mawe,
baba yake aliulizia saa.
Saa ya mkono, mkanda wa plastiki, haina hata kioo.
Aliuliza mara tatu. Sajenti Bwire akatazama dari
nami nikaandika: *Shahidi hana la ziada.*

Halafu muuaji anaosha vyombo.
Ndiyo, vyombo. Sahani, kijiko,
sufuria anaisugua masizi, anaisuuza, anaisugua tena,
na kamera haibanduki.
Hata mtafsiri, yule mpiga domo
anayetia chumvi mpaka kwenye busu,
naye alinyamaza.
Kibanda kizima cha Mabatini, wanaume na jasho lao,
jenereta tu ndiyo ilithubutu kunguruma.

Ilipokwisha wakapiga kelele:
"Hajakamatwa! Malimi, rudisha hela!"
Malimi akanigeukia kama hakimu,
"Mama wa polisi, imekuaje?"
Nikasema aliyeitengeneza
aliwahi kukaa kwenye benchi la kituo,
akingoja kuitwa.

Nje, nyuma ya gunia, katoto kamejikunyata,
"Bibi, wamempiga risasi nani?"
Hakuna. Nenda kalale.

Nikapanda kilima, mawe bado yana joto la mchana.
Nyumbani kulikuwa na kikombe kimoja kichafu.
Nilikishika, nikakirudisha pale pale
hadi asubuhi.