Deni la Kikapu

Mama alifariki Julai, mvua ikipiga vigae vya mbao,
akaacha chini ya ngazi kikapu kimoja cha viazi:
vyembamba, vimepinda, rangi ya zambarau iliyoiva,
kama vidole vya mtu aliyeokota mwani maisha yake yote.

Viazi vidole. Mbegu ya nyumba.
Majina yake hakuyaandika popote.
Aliyatunza kinywani, na kinywa tumekizika
makaburini Quemchi, upande unaotazama maji.

Kaka yangu Heriberto akapiga simu kutoka Puerto Montt:
"Nunua vya dukani, dada. Vinene, laini.
Hivyo vya mama ni kazi ya kumenya makunyanzi."
Sikumjibu. Nilikuwa nimeshika kimoja mkononi,
kimeshaota macho manne,
kinanitazama kama mtoto aliyesahauliwa shuleni
na kengele ililia zamani.

Basi Septemba, maji yalipokupwa, nikashuka ufukoni na toroli.
Mwani nikautandaza bustanini. Ukanuka siku tisa,
mbwa wa jirani akaja kugaagaa humo, nikamwacha.
Nikainua matuta,
kiazi kizima kila shimo, macho juu;
mama hakukata mbegu, alisema kisu kinaingiza maradhi.
Au sikumsikia vizuri.
Kuna mengi nilidhani nitamuuliza kesho.

Desemba, maua.
Januari, ukungu ukala majani ya tuta la mwisho;
nikayang'oa, nikayachoma, nikalia. Nadhani ni moshi.

Februari nilichimba kwa mikono,
maana jembe halijui kidole kipi ni cha nani.
Zambarau, zambarau, zambarau,
kisha kimoja cheupe, chenye mstari mwekundu kiunoni
kama uzi wa mtoto mchanga.
Sikuwahi kukiona.

Nikampelekea Ercira Millalonco, ng'ambo ya ua.
Hakukiosha. Alikifuta kwenye aproni, akakiuma kibichi,
akatafuna, akatema ganda.
"Hiki mama yako alinikopa
mwaka ule ng'ombe wangu alipozama kwenye tope.
Mbegu alirudisha. Kikapu, hapana."

Miaka ishirini na sita!
Nikarudi mbio, nikakikung'uta kile kikapu chini ya ngazi,
buibui wakahama na watoto wao.
Dawa ya deni ni kulipa. Nikakijaza hadi mdomoni.

Ercira akakipokea, akakipima uzito kwa mkono mmoja,
akanimiminia nusu kwenye sketi.
Nikamuuliza jina la kile cheupe.
"Jina? Vyangu vilioza msimu uliofuata,
nikapanda alivyonirudishia yeye.
Hapa kwetu tunakiita Edelmira.
Kwenu sijui mlikiitaje."

Jioni nikachemsha vinne, na maganda yake,
chumvi tu.
Simu ikalia: Heriberto.
Mdomo ulikuwa umejaa.