Akiba Huoza

Ngazi kumi na moja,
na goti langu la kushoto hulijua kila daraja
kwa jina lake la maumivu.
Nashuka na tochi ya marehemu Dietlinde,
ile iliyofungwa kwa mpira wa soksi.
Nje, ukungu umelala juu ya Mosel.
Humu chini, ukungu umelala juu ya lebo,
mweusi, laini kama manyoya ya fuko;
umekula miaka, umekula majina ya mashamba,
umebakiza hapa mkia wa tai, pale tarakimu moja.

Nimepanda na chupa mbili.
Ya kwanza naijua hata gizani: sabini na moja,
mwaka wa harusi yetu, mwaka baba mkwe
alipochuma zabibu hadi Novemba
akiwalaani ndege na askofu kwa pumzi moja.
Tuliweka sita. Nne zilikwenda na ubatizo wa watoto,
ya tano na deni la benki, siku lilipokwisha.
Ya sita tukasema: hii ya siku kubwa.
Na siku kubwa zikaja, tukazipima
kama mnunuzi mbishi apimavyo samaki:
hii bado, hii ndogo, tungoje nyingine.
Dietlinde alikwenda Februari. Jumanne. Saa nne asubuhi.

Leo ni Alhamisi tu.
Roswitha kaleta trauti wa moshi ndani ya gazeti.
Winfried, mkuu wa stesheni aliyestaafu,
kafika robo saa mapema akasimama barazani
akipigwa na baridi mpaka dakika yenyewe itimie.
Anselm kaja na mjukuu wake Jorinde,
anayesomea udaktari wa meno na hujua bia tu.
Viazi na maganda yake. Siagi. Jibini yenye kunuka
hata tukafungua dirisha, ukungu ukaingia,
ukakaa nasi mezani kama mgeni wa tano.

Kizibo kikakatika.
Kipande nikakisukumia ndani, nikachuja kwa chujio la chai.
Rangi yake: chai iliyosahauliwa tangu jana.
Tukazungusha glasi, tukainamisha pua, tukanyamaza.
Roswitha alifundisha hesabu miaka thelathini,
hajui kuzungukazunguka: "Eberhard, huu umekufa."
Tukaunywa hivyo hivyo, funda dogo dogo,
kama watu waliokuja kuhani.
Karatasi iliyolowa. Sarafu ya shaba. Na mbali,
nyuma kabisa, tufaha,
au ni mimi niliyetaka liwepo.

Aliyesema akiba haiozi
hakuwahi kulaza mvinyo.

Ya pili haikuwa na jina wala mwaka.
Niliichukua kwa kuwa ilikuwa karibu na mkono.
Kizibo kikatoka kizima, kwa sauti ya mtu
aliyeamshwa usingizini akauliza: eeh?
Dhahabu. Harufu ya mafuta ya taa, kisha asali,
kisha limau, kisha jiwe la mlimani
mvua inapoanza kulipiga.
"Themanini na tatu," Winfried akaapa,
"ule mwaka garimoshi la maziwa lilikwama thelujini."
"Hamsini na tisa," Anselm akasema, akaanza kutueleza
habari za msichana mmoja na baiskeli,
akaona mjukuu anasikiliza, akakohoa.
Mimi nilidhani ni ule mwaka wa mvua ya mawe,
mvinyo ambao hakuna aliyeutaka,
ambao Dietlinde aliusukuma kwa mguu hadi pembeni
akasema, basi, hata wa kupikia utatufaa.

Jorinde hakutaja mwaka wowote.
Alisogeza glasi yake tena.

"Zimebaki ngapi huko chini?" Roswitha akauliza.
Mia moja na nne, kama panya hawajajifunza kuzibua.
"Basi ni Alhamisi mia moja na nne. Miaka miwili kamili."
Na goti langu?
"Goti halimo katika hesabu."
Nikageuka nitafute tochi.
Ilikuwa tayari mkononi mwa Jorinde,
naye yuko ngazi ya tatu, anashuka, anauliza kwa sauti
swichi ya taa iko wapi,
na kwa nini hakuna lebo hata moja inayosomeka.