Safu ya Kulia

Mimi ndiye mwenye daftari.
Cikuru ana gunia, Nsimire ana sauti,
Zihindula ana mabega na viatu vilivyochanika.
Mimi nilipewa kalamu kwa kuwa mwandiko wangu
hausumbui macho ya padri.

Safu ya kushoto: watakaopokea.
Safu ya kulia: waliotoa.
Katikati, mstari nilioupiga
kwa ukingo wa kitambulisho cha shule.

Jumamosi, Nyamugo, kabla matope hayajaamka.
Mama wa sambaza alitupimia kopo moja,
juu yake akaongeza samaki watatu,
"wa njiani," akasema.
Muuza chumvi alitupa chumvi na matusi.
Tulipokea vyote viwili.
Kule Muhumba geti jeusi lilifunguka kiasi cha mkono:
pakiti sita za tambi, tarehe zake zimepita tangu Pasaka.
Nsimire akashukuru kwa sauti ileile
aliyomshukuru nayo mvulana wa maandazi
aliyetoa moja, lenye alama ya meno yake.

Kupanda Cimpunda si kutembea,
ni kuuomba mlima ruhusa.
Mvua ya usiku ilikuwa imekula ngazi mbili.
Gunia lilimvuta Cikuru nyuma kama mdai.

Huko juu, kwenye nyumba ya mbao na turubai,
M'Mugaruka akatuita.
Nikafungua daftari upesi, kushoto, mstari wa tisa:
watu sita, mume hayupo, mtoto wa mwisho miguu imevimba.
"Leo si siku ya kugawa, mama. Ni kesho."
"Siku nazijua," akasema. "Leteni gunia."

Akatoka na kikombe cha bati,
nusu yake maharage,
madogo, meusi, ya kwao Walungu.
Zihindula akatazama viatu vyake.
Cikuru akaanza, "Mama, hatuwezi..."

"Hamwezi nini?
Kila mwezi jina langu linalala upande huo.
Limechoka ubavu mmoja.
Ligeuzeni."

Nikaandika kulia.
Mkono ulitetemeka, mwandiko ukasumbua macho.
Kushoto sikufuta.
Nsimire, mwenye sauti, hakuwa nayo
mpaka tulipofika tena barabarani,
na hapo alisema tu kwamba mvua inarudi.

Jioni tulimwaga maharage yote juu ya mkeka
tukachambua hadi taa ya betri ikafifia:
mekundu ya sokoni, ya njano ya masista,
na yale yake.
Yake yalikuwa na vijiwe viwili.
Nilivitoa. Sikuvitupa.

Jumatatu, kipindi cha hesabu,
mwalimu anauliza nusu ya nusu ni ngapi.
Mkono wangu uko mfukoni,
navigonganisha.