Tundu la Safu ya Saba

Mama hakuacha kitu uchi.
Redio ilivaa. Chupa ya chai ilivaa.
Mtungi ulikuwa na kofia yenye shanga ukingoni,
zikigongana ti, ti, kila mtu alipochota maji,
na makochi manne ya fundi Masinga,
ambayo hayakuwa yamemaliza kulipiwa,
yalijitanda mabega kama wakwe waliokuja kuposa.

Sisi tulicheka. “Bado kuku tu,” alisema Ndahani,
na Mama, macho hayatoki kwenye sindano yake
(spoki ya baiskeli, Baba aliipinda ncha kwa jiwe),
akamjibu: “Kuku ana manyoya.
Wewe ndiye sijakumaliza.”

Ndahani alirudi Kongwa mwezi wa sita,
mwezi ambao upepo wetu hupiga hodi na kuingia
bila kungoja karibu.
Lori lilibaki korongoni, kule Iyovi.
Chiloba, utingo wake, alibaki nalo.
Yeye alikuja na ufunguo, na mikono
iliyokataa kutulia mezani.
Kijiko kiliimba ndani ya bakuli la uji.
Usiku nilimsikia ng’ambo ya ukuta
akikanyaga breki, akikanyaga,
kisigino kikipiga ubao wa kitanda.

Watu walileta walichokuwa nacho.
Mchungaji, Zaburi. Shangazi Mbeleje, mizizi ya kuchemsha.
Daktari wa Mpwapwa, vidonge: nusu asubuhi, kizima usiku.
Sidharau. Alivipokea vyote kwa mikono miwili
na vyote vilitetemeka humo.

Mimi sikuwa na kitu.
Nilikuwa nafagia, nikaokota kitambaa cha redio,
redio yenyewe imekufa siku nyingi,
nikakiweka mapajani mwake, kama mtu anayetua mzigo popote,
nikaenda kuteka maji.

Niliporudi alikuwa safarini.
Kidole kilitoka tundu hata tundu
polepole, kama mbuzi
anayejua njia ya kisima.
Kikafika safu ya saba, karibu na ukingo. Kikasimama.
Pale pana kosa: vitanzi viwili vilirukwa,
tundu pana kuliko wenzake.
Kidole gumba kikaingia. Kikakaa.
Mkono mzima ukakifuata, ukakaa.

Siku ile sikusema neno.
Nilingoja hadi mvua za kwanza, tunapanda mtama,
ndipo nikamwambia kuwa tundu lile ni yeye.
Mama alikuwa safu ya saba uchungu ulipomshika.
Akabebwa hadi zahanati kwa baiskeli ileile,
pungufu spoki moja,
na aliporudi na mtoto mgongoni
alianzia alipoishia, hakuhesabu.

“Mbona hakufumua?”
Wanawake wa kwaya walimwuliza hivyohivyo.
Aliwaambia: “Nikifumua hapa,
huyu nitamrudisha wapi?”

Sasa kitambaa kimechoka.
Rangi ya maziwa imekuwa rangi ya vumbi la njia,
na ukingo unaachia.
Ndahani ameniletea donge la uzi kutoka mnadani,
la buluu, kwa sababu, anasema, nyeupe ziliwahiwa.
Nafuma jioni, upepo ukisukuma bati.
Vidole vyangu vimelelewa kwenye usahihi:
mara tatu nimevuka safu ya saba bila kukosea,
mara tatu nimefumua.
Sikujua kosa lina ugumu huu
likitafutwa.

Yeye ameketi kizingitini, anabambua karanga.
Maganda yanaangukia mahali pamoja.
“Umefika?”
“Bado kidogo.”
“Basi usikaze,” anasema, hageuki.
“Acha nafasi ya kidole.”