Bila Jina

Kazi yangu ni vibandiko.
Karatasi ngumu, upana wa kiganja:
msanii, nchi, mwaka, kilichotumika,
na jina la kazi yenyewe, Kiswahili chini ya lugha yao.
Nalipwa kwa kibandiko, si kwa neno.
Jumba liko Kiponda, ghorofa tatu,
zamani ghala la mbata,
na kuta, hata baada ya chokaa mpya,
masika yakishuka zinarudia harufu ya nazi kavu.

Mwezi huu zimeletwa kazi arubaini na moja.
Lima, Vilnius, Busan, Dakar.
Masanduku yalilala bandarini siku kumi na tisa
kwa sababu afisa wa forodha, Bwana Vuai,
hakuona katika daftari lake ushuru wa
nywele za farasi zilizosukwa, kilo tatu, sanaa.
Mwisho akaandika: mifagio.

Kati ya arubaini na moja, ishirini na sita hazina jina.
Bila jina. Bila jina, namba mbili. Bila jina, buluu.
Nimeandika mpaka kalamu imeona haya.

Bi Raya, anayepiga deki, alisimama nyuma yangu,
ndoo mkononi, kanga kiunoni.
"Yote haya hayana wenyewe?"
Nikasema yanao, ila hayakupewa majina.
"Mtu alipie ndege kitu asichokiita?
Kanga pale Darajani haitoki dukani bila jina.
Mwanamke huuliza kwanza, inasemaje?
Rangi baadaye."

Nimesoma chuo miaka mitatu. Sikuwa na jibu.

Basi jioni, milango ikishafungwa,
tukaanza ghorofa ya chini. Yeye asema, mimi naandika,
kwa penseli, nyuma ya kibandiko, pale gundi isipofika.
Mraba mweusi wa mtu wa Vilnius,
weusi juu ya weusi mpaka jicho linajikwaa:
UMEME UMEKATIKA, MOYO HAUJAKATIKA.
Nyaya mia za shaba kutoka Busan,
zimening'inia pamoja na hazigusani:
JIRANI WA GHOROFA, SALAMU KWA KIKOHOZI.
Nywele za farasi, zile za Bwana Vuai:
HATA UKISUKA, NAJUA ULIKOTOKA.
Na kiti cha plastiki cha Dakar, kilichokatwa nusu,
alikizunguka mara mbili,
akacheka mpaka akakaa sakafuni:
KARIBU MKE MWENZA, NAFASI YAKO HII.

Ghorofa ya tatu, chumba cha mwisho,
kitambaa cheupe ndani ya fremu,
kidogo, kama nepi iliyokunjwa mara moja.
Hakina rangi. Pembeni mshono
umeanza, umekwenda inchi tatu, umeachwa,
uzi bado unaning'inia.
Msanii mwanamke, wa Lima.
Nikashika penseli, nikangoja.
Chini mtaani mtu aliburuta mtungi wa gesi juu ya mawe,
akapita, akapotea kichochoroni.

"Wangu alikaa siku tatu,"
alisema, kama anayezungumza na ndoo.
"Jina hupewa siku ya saba.
Shangazi yake alikuwa keshanunua ubani."
Akainama, akapangusa chini ya fremu
mahali ambapo hapakuwa na vumbi.
"Hicho kiache. Mama wa huko kaandika sawa."

Ijumaa ukawa ufunguzi. Juisi ya ukwaju, hotuba,
viatu vigumu kwenye ngazi za mbao.
Mgeni mmoja mwenye tai akauliza
mraba mweusi unakusudia nini,
na umeme, wallahi, ukakatika.
Gizani nilimsikia Bi Raya
akicheka peke yake, ghorofa ya kati.

Asubuhi nikapanda juu, nikabandua kibandiko cha Lima.
Hakikuwa na kosa.
Nikakiandika upya kwa mkono, pole pole,
maneno yale yale mawili.
Nyuma sikuandika kitu.
Hicho sikukitoza.