Alhamisi, Saa Kumi

Tanga, husema, waja leo waondoka leo.
Nami nilikuja hivyo, mguu mmoja nje,
baiskeli nimeiegemeza mlangoni kwa fundi cherehani
nikitoka nisiitafute.

Barabara ya Tisa, ghorofani. Feni inakoroma.
Viti viwili, kimoja mguu umefungwa kamba ya mkonge.
Bi Mwanaidi Shekiondo alikalia hicho kibovu.
Hakunipa kidonge, hakunipa mawaidha.
"Umekujaje?"
"Kwa baiskeli."
Tukanyamaza mpaka adhana ikaisha.

Wiki ya nne nikamtaja mwanangu Mbelwa
niliyempiga kwa mnyororo wa baiskeli,
ambaye sasa tukipishana Makorora
hunisalimu kama karani wa benki.
Akasema upesi, "Nakuelewa."
Nakuelewa! Neno jepesi kama ganda la karanga.
Nikavaa kofia, nikashuka ngazi mbilimbili.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda kumrudishia kalamu tu.
(Haikuwa yake.)
Akasema, "Siku ile sikuwa nimeelewa.
Nilikiogopa kimya chako, nikakiziba kwa neno.
Niwie radhi. Nionyeshe nilipokukanyaga."

Miaka hamsini na mitatu.
Baba hakuomba radhi. Mnyapara hakuomba.
Mimi je?

Sikujua la kujibu, nikamweleza habari za ringi iliyopinda:
haipigwi nyundo.
Unaizungusha, unatazama,
unakaza spoku hii robo, unalegeza ya ng'ambo,
unazungusha tena, unatazama.
"Na ukikosea?"
"Unarudi ulikopita. Ringi haina kinyongo."
Akacheka, nikacheka,
na katikati ya kicheko kitu kikanitoka machoni,
nikakiita jasho,
naye akakiacha kiitwe jasho.

Sijapona, kama mnauliza.
Usiku mkono huu bado nauogopa,
na Alhamisi nyingine napanda ngazi zile kwa hasira,
nampa hasira yangu, ananirudishia kesho yake
ikiwa imepoa kidogo, bado yangu.

Jana Mbelwa kaja kibandani na pancha.
Hakusema. Kaipindua baiskeli, magurudumu juu.
Nilivuta kigoda kibovu nikakikalia,
kizima nikamsogezea.
"Ule mnyororo," nikaanza,
sauti ikakwama, akangoja,
mpira wa tairi ndani ya karai la maji kati yetu,
povu moja,
moja,
likionyesha tundu lilipo.